Siku Watu wa Angani Walipokosa Mtafsiri

Mke wangu anawapenda watu wa angani. Alianza kuwapenda goti lilipomzuia kwenda sokoni, na mimi, ambaye umri wangu mwingi umepita katika kufundisha watoto Kurani na nguzo za sala, nikajikuta kila baada ya Alasiri nimekaa kando yake natazama kwenye televisheni meli zinazokwenda bila maji na askari wenye ngozi ya kijivu kama kambare. Mwanzoni nilikaa kwa kumwonea huruma. Siku hizi nakaa kwa sababu nataka kujua kilichotokea.

Sikuona dhambi ndani yake. Katika kila sala tunamsifu Mola wa walimwengu wote, na hatukuambiwa walimwengu hao ni wangapi wala wanaishi wapi. Siku moja nilimweleza mke wangu hivyo, kwa kirefu kidogo, kama nilivyozoea darasani. Akanijibu bila kugeuka, "Sawa, Mwalimu. Sasa nyamaza, walimwengu wanapigana."

Tamthilia yenyewe ni ya kigeni na watu wake wanasema Kiingereza, lakini mtaani kwetu Kariakoo hakuna anayeitazama hivyo. Yupo mtafsiri. Mtu huyo anakaa mahali na kipaza sauti chake, anatazama picha kama sisi, na kila anayefungua mdomo yeye anamsemea kwa Kiswahili, halafu anaongeza ya kwake. Jemadari wa angani akikasirika, mtafsiri anamfanya aseme, "Dogo, unanijua au unanisikia?" Meli ikiharibika, rubani analalamika kwamba fundi aliyeitengeneza alisomea chini ya mwembe wa jirani. Mke wangu hucheka mpaka anashika goti. Vipande vipya tunavipata kwenye kibanda cha muvi nyuma ya soko, unapeleka flashi, kijana anakuingizia, unarudi nyumbani na dunia nzima mfukoni.

Nyumba yetu ni ya zamani, ile ya ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma. Marehemu baba yangu aliijenga, na sasa imebanwa na maghorofa pande tatu, jua linatufikia adhuhuri tu. Tunakaa na wapangaji. Chumba cha mbele mkono wa kulia alikaa mama mmoja mtu mzima na binti yake, na mkabala nao, mlango kwa mlango, Mnyamwezi wa Tabora.

Yule mama alikuwa mtu wa Mafia. Alikuja mjini akiwa mwari, akaolewa na Mzaramo wa Kisarawe, akafiwa na mumewe mapema, akabaki na binti huyo mmoja. Binti mwenyewe sasa ni mtu mzima, anafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, pale Mchafukoge, na Kiingereza anakisema kama maji. Nyumba nzima tunamwita Dada, hata mimi ninayeweza kumzaa. Mnyamwezi yeye hunadi vitambaa. Anasimama mlangoni pa duka na spika, kutwa anaita watu, na Mungu amempa koo la ajabu, hakuna sauti asiyoweza kuiiga. Aliwahi kumwita mke wangu kutoka ukumbini kwa sauti yangu, na mke wangu akaitika, "Labeka," akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mimi nilikuwa msikitini.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, na Dada kwa upande wa baba ni Mzaramo. Kwa hiyo kila asubuhi uani tulikuwa na burudani.

"Mnyamwezi, bado upo? Nilijua wamekurudisha Tabora ukabebe mizigo."

"Nipo, Mzaramo. Nasikia mmeuza shamba jingine mkacheze ngoma."

"Shamba letu linakuwasha nini, wewe uliyekuja mjini kwa miguu?"

Na kutoka chumbani yule mama alikuwa akipaza sauti yake nyembamba yenye mkwaruzo, "Enhe! Mmeanza? Fungeni mlango huo, nzi wanaingia!" Nzi hawakuwapo kila siku. Ilikuwa ndiyo namna yake ya kushiriki.

Mvua za vuli zilipoanza, Mwenyezi Mungu akamchukua. Hakuugua sana, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Wanawake walimwosha, wakamkafini, tukamsalia. Jeneza likawa ukumbini, tayari kutoka, wanawake wamejaa chumbani na Dada katikati yao. Hapo ndipo watani hufanya mambo yao. Watu wa pwani na wa bara wanajua: mtani ana haki ya kuziba njia, kulala mbele ya jeneza, kumwiga marehemu, mpaka apewe chochote na wafiwa wacheke kidogo kabla ya kwenda makaburini. Mimi sikuwahi kuufundisha utani wala kuupinga. Nimeukuta.

Mnyamwezi aliingia kutoka uani amejitanda khanga ya marehemu kichwani, fimbo yake mkononi, mgongo umepinda. Akasimama mlangoni, akakohoa kama marehemu, akasema kwa sauti ya marehemu, "Enhe! Mnanipeleka wapi na chai sijanywa? Na nani kaacha mlango wazi, nzi wanaingia!"

Watu waliangua kicheko. Nami nilicheka, maana sauti ilikuwa ile ile. Mara pazia la chumba likafunguliwa kwa nguvu, Dada akatoka mbio, peku, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa. Alitazama mlangoni. Alimtafuta mama yake, kwa muda mfupi kuliko pumzi moja, kisha akamwona Mnyamwezi na ile khanga. Kicheko kilikatika. Yeye hakulia wala hakutukana. Alirudi ndani, pazia likaanguka, sisi tukabeba jeneza.

Tangu siku hiyo hakumsemesha tena.

Nilijaribu kuwapatanisha, kwa maana ndiyo kazi niliyoisomea. Mnyamwezi alisikitika kweli, lakini hakukubali kwamba alivunja mila. "Mzee, msiba ulikuwa wa mtani wangu," aliniambia. "Ningekaa kimya kama mgeni, ndiyo ningemdharau." Dada naye alikuwa na hoja yake. Yeye ni Mzaramo, ndiyo, na amtanie yeye apendavyo. Lakini aliyekufa alikuwa mtu wa Mafia. "Mama yangu hakuwa mtani wake, Baba. Nani alimpa ruhusa ya khanga yake?" Niliwauliza wazee wenzangu pale Mnazi Mmoja, tunakokutana asubuhi kunyoosha miguu. Nusu walisema utani unafuata mfiwa, nusu wakasema unafuata maiti, na wakaanza kubishana wao kwa wao mpaka nikajuta kuuliza.

Nikamkumbusha Dada kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitukataza kununiana zaidi ya siku tatu.

"Hiyo si baina ya Waislamu, Baba? Yule Mkristo."

"Jirani ana haki, mwanangu, hata asipokuwa wa dini yako."

"Haki yake ninampa. Ndoo yake siigusi."

Basi tukaishi hivyo. Waligeuka maadui wanaotumia bomba moja la maji, na mimi nikawa tarishi wao. Dada husimama uani, Mnyamwezi amesimama hatua chache tu mbele yake, na Dada hunigeukia mimi, "Baba, mwambie huyo mtu kamba yake ya nguo inanikaba shingo." Nami naanza, "Mwanangu, Dada anasema..." "Nimesikia, Mzee. Mwambie naipandisha sasa hivi." "Dada, anasema ataipandisha." "Nimesikia, Baba." Ukiwa na subira unaweza kufanya kazi hiyo muda mrefu. Lakini asubuhi za uani zilikuwa kimya, na ukimya ule ulikuwa na nafasi ya watu watatu ndani yake.

Masika yalipofika Mnyamwezi akaja kuniaga. Amepata chumba Magomeni, akasema, ng'ambo ya Jangwani. Magomeni si mbali, mtu unakwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Lakini nilijua kwamba akitoka mlango ule bila wao kusalimiana, hawatasalimiana tena duniani, kila mmoja atabeba lake mpaka kaburini. Sikumzuia. Mtu mzima ana haki ya kuhama. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, wasalimiane kabla vitu vyake havijatoka nje, na niliomba hilo katika kila sala, nikalitanguliza hata mbele ya goti la mke wangu, Mungu anisamehe.

Siku ya kuhama ilikuwa Jumapili. Mvua ilianza kabla ya Alfajiri, ikanyesha kama mtu anayemwaga nafaka juu ya mabati. Mnyamwezi alikuwa ameshatoa kila kitu ukumbini: godoro limefungwa kamba, feni, jiko, ndoo zimepandana. Mchana simu yake ikalia. Alikuwa dereva wa kirikuu, kigari cha mizigo kitakachombeba, na alipiga kelele kiasi kwamba sote tulisikia.

"Kaka, Jangwani imekuwa bahari! Njia imefungwa. Leo siendi popote, labda unitafutie ngalawa!"

Nje mtaa wetu nao ulikuwa mto, viatu vya watu vinapita peke yake. Dada alikuwa amevaa kwenda kumtembelea shoga yake, akavua, akarudi kukaa mlangoni pake. Mnyamwezi akakaa juu ya godoro lake ukumbini. Kati yao palikuwa na ndoo.

Sasa, wiki ile ile mke wangu alikuwa katika mateso ya aina nyingine. Kipande cha mwisho tulichotazama kilikatika pabaya. Jemadari wa meli ya watu wanaofanana na sisi, mwanamke mmoja mkali, na askari wa wale wa kijivu, ambaye meli yake ndiyo iliyochoma mji wa kina jemadari, walikuwa wamepigana angani mpaka vyombo vyote viwili vikaanguka kwenye mwezi wa barafu. Wote wawili wazima, hewa hakuna, mlango wa kituo cha zamani uko mbele yao. Basi, pakakatika. Mke wangu hakulala vizuri. Jumamosi alinituma kibandani, na kijana wa pale akaniambia, "Shikamoo Mzee. Kipande kipo, ila cha tafsiri bado hakijatoka. Chukua kibichi, Bibi ataangalia picha." Nikachukua kibichi, nikidhani kitu kibichi ni bora kuliko kukosa. Hilo lilikuwa kosa. Mke wangu alikitazama kwa muda mfupi, Kiingereza kitupu, akazima, akanitazama kama niliyemletea samaki asiye na nyama.

Jumapili ile, baada ya Alasiri, alikuwa kwenye kochi anasikiliza mvua. Ghafla akapaza sauti. "Dada! Njoo unitolee Kiingereza cha watu hawa, nakufa na hamu." Dada akaja, akaketi mkekani karibu na mlango. Kisha mke wangu akaita tena. "Na wewe Mnyamwezi! Unakaa juu ya godoro kama mkimbizi kwa nini? Njoo ndani, uje uwasemee. Dada atatoa maneno, wewe utatoa sauti."

Nimemuuliza mara nyingi kama alipanga. Anasema alitaka tu kujua habari ya hewa.

Mnyamwezi aliingia, akanisalimu, akakaa kwenye kigoda upande wa pili. Dada aliangalia televisheni. Mimi nilikuwa katikati, kwenye kochi na mke wangu. Picha ikaanza.

Jemadari na askari wa kijivu wameingia kituoni, wametoleana silaha, na jemadari anafoka.

"Baba," akasema Dada, "mwambie huyo mtu, mwanamke anasema asimsogelee."

"Mwanangu," nikasema, "mwanamke anasema usimsogelee."

"Wewe samaki!" akanguruma Mnyamwezi kwa sauti ya mwanamke wa kutisha. "Ukisogea hatua moja nakukaanga na ndimu!"

Lakini wakati huo aliyekuwa anafungua mdomo kwenye picha ni yule wa kijivu.

"Mbona samaki ana sauti ya mwanamke?" akauliza mke wangu.

"Baba, wa kijivu anasema hewa itaisha, wasaidiane."

"Mwanangu, wa kijivu anasema..."

"Mnachelewa!" mke wangu akapiga kochi. "Wameshafika kwenye mashine! Mwalimu, wewe ndiye unayechelewesha. Toka katikati!"

Sijawahi kufukuzwa darasani maisha yangu yote, lakini nilitoka. Nilihamia kwenye kiti karibu na dirisha, na sasa kati ya Dada na Mnyamwezi hapakuwa na tarishi. Palikuwa na televisheni tu. Dada alisogeza mkeka mbele. Kisha akaanza kutafsiri, na hakumwambia Mnyamwezi. Aliiambia televisheni, kwa haraka, macho mbele. Mnyamwezi naye akayachukua maneno kutoka huko huko kwenye televisheni, kama mtu anayeokota kilichoanguka njiani bila kuuliza ni cha nani.

Na hapo mambo yakaenda. Mashine ya hewa katika kituo kile ilikuwa na gurudumu kubwa lenye mikono miwili, mmoja huku na mmoja kule, na haizunguki mpaka wavute watu wawili kwa pamoja. Maadui wale wakashika, kila mmoja akimtazama mwenziwe kwa jicho la kuua. Wakiacha kuvuta, hewa inapungua. Kulala wanaogopa. Jemadari akasema, kwa ulimi wa Dada na koo la Mnyamwezi, "Nikitoka hapa nitakuua." Wa kijivu akajibu, "Sawa, lakini vuta kwanza, mvivu wewe, mkono wako hauna hata nguvu ya kukuna nazi." Nazi sidhani ilikuwamo. Mke wangu alicheka, nikaona na Dada ameuma mdomo.

Kisha kituo chenyewe kikasema. Waliokijenga walikuwa wameondoka zamani, lakini waliacha ndani ya kuta sauti ya kuwaongoza wageni, sauti ya mwanamke mtu mzima, ambayo ilikuwa imekaa peke yake miaka mingi bila mtu wa kuongea naye. Sasa imepata watu wawili na haiwezi kunyamaza. Inawaambia wafunge mlango, wale, wasigombane karibu na mitambo.

Dada akatafsiri. Mnyamwezi akaisemea kwa sauti kavu kama ya mashine ya benki.

"Siyo hivyo," akasema Dada kwa televisheni. "Huyo ni mtu mzima. Ni bibi."

Mnyamwezi akajaribu sauti ya bibi mmoja anayeuza vitumbua kwenye kona yetu. Mke wangu akapiga makofi, sauti ilikuwa yenyewe. Dada akatikisa kichwa. "Siyo huyo."

Picha ikaendelea, midomo inacheza bila wa kuisemea. Mke wangu, ambaye siku hiyo alikuwa na hekima kuliko mimi, akashika rimoti akasimamisha. Jemadari na adui yake wakaganda na mikono yao kwenye gurudumu. Mvua ilisikika tena.

Dada akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu vuli amtazame usoni. "Unajua ni sauti gani," akasema.

Mnyamwezi akasogeza kigoda nyuma. "Dada, hapana. Ile sitaki tena."

"Nakwambia mimi."

"Nilikuumiza mara moja, inatosha."

"Ile siku hukuniuliza. Leo nakuomba." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayemwomba mtu chumvi. "Simu yangu imejaa picha za mama. Hakuna hata moja inayosema. Juzi nilijaribu kumsikia kichwani, nikamsikia nusu."

Mnyamwezi akanitazama mimi. Nafikiri alitaka nimkataze. Nami niliwaza kama jambo hili linafaa. Tumeamrishwa kuwataja marehemu wetu kwa wema wao, na sikukumbuka darasa lolote nililosoma ambalo lilieleza wema huo uwe na sauti gani. Nikaona aliyefiwa ndiye anayeomba, nikainamisha kichwa. Mke wangu akaachia picha.

"Wanangu," akaanza Mnyamwezi, polepole, na mkwaruzo ule ukaingia chumbani, "fungeni mlango huo, mnaingiza baridi..."

"Enhe kwanza," Dada akasema. "Mama anaanza na enhe."

"Enhe! Fungeni mlango huo, mnaingiza baridi! Mmekula? Hamjala. Mnapigana na njaa, mtapata nini?"

Mke wangu alishika mkono wangu. Tulikuwa wanne ndani ya chumba, na ilikuwa kama pazia la mlango litasogea.

Baada ya hapo sijui mpaka leo ni maneno mangapi yalikuwa ya tamthilia na mangapi ya chumba cha mbele mkono wa kulia. Dada aliacha kuitazama televisheni. Alimtazama Mnyamwezi na kumpa maneno, "Mwambie jemadari asivae kiatu kilicholowa," na sauti ikasema asivae kiatu kilicholowa, atapata pumu. "Sasa mwambie wa kijivu kwamba ni mchafu." Na sauti ikamwambia yule askari mwenye mapezi aoge, watu wanapita. Dada alicheka, huku akilia ndani ya kicheko hicho hicho, na hakujificha. Alikuwa akirekebisha pia, "Hapo anavuta pumzi," na Mnyamwezi akavuta pumzi.

Mwisho wa kipande, umeme wa kituo ulikuwa unaisha. Hautoshi kwa sauti na kwa taa ya kuita msaada. Hilo tuliliona hata bila Kiingereza, taa zilizima moja moja kwenye kuta za barafu. Sauti ikawaambia inajizima yenyewe ili taa iwake. Jemadari aliacha gurudumu akaweka kiganja ukutani, na yule wa kijivu akaweka chake kando.

Dada alisikiliza Kiingereza mpaka mwisho. Mnyamwezi alimngojea. "Anasemaje?" akauliza kwa sauti yake mwenyewe.

"Anaaga," Dada akasema. "Sema unavyojua."

Mnyamwezi alifikiri. Kisha sauti ya yule mama ikasema, bila haraka, "Enhe. Basi mimi napumzika. Chai ipo kwenye chupa. Msigombane."

Tulisubiri kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Meli ya uokozi ilikuja, majina ya walioigiza yakapita, mke wangu akasema, "Kwa hiyo hewa ilitosha," akafuta macho kwa upande wa khanga.

Dada aliinuka. Nilingojea neno moja, salamu, lolote. Alikusanya vikombe, akamshukuru mke wangu, akatoka na kuingia chumbani kwake. Mnyamwezi akarudi kwenye godoro lake ukumbini. Nilipokwenda kutia udhu kwa ajili ya Magharibi, nilipita kati ya milango yao miwili, nikasali nikiwa na ombi langu lile lile mkononi. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa nimesikia nilichosikia. Lakini salamu haikuwa imetoka, na kesho vitu vitaondoka.

Asubuhi mbingu ilikuwa safi na mtaa umejaa tope. Kirikuu kikafika, dereva anapiga honi kama aliyekuja kuchukua bibi harusi. Mnyamwezi alibeba ndoo, feni, jiko. Nilisimama kizingitini. Mlango wa Dada ulikuwa umefungwa, na nilijua amechelewa kazini kwa makusudi au ameshatoka mapema kwa makusudi, sikujua lipi.

Godoro ndilo lililobaki la mwisho. Mnyamwezi alipoliinua begani, mlango ukafunguka. Dada alikuwa amevaa nguo za ofisini, mkoba begani. Alilitazama lile godoro juu mpaka chini.

"Mnyamwezi," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka ghorofa ya jirani, "unahama na kunguni wote hao, au utatuachia baadhi?"

Mnyamwezi alisimama katikati ya ukumbi. Godoro lilimficha uso. "Nimewaachia wale wavivu," likasema godoro, "wale Wazaramo."

"Nilijua huwezi kubeba mzigo mpaka mwisho, na babu zako ndiyo kazi yao!"

"Mzaramo, shika huku basi, uone mzigo unavyobebwa!"

"Nishike nini? Nguo zangu za kazi hizi! Dereva, mwangalie huyu, asikuibie spea, hawa wanatembea kwa miguu toka Tabora!" Na huku akisema hayo alikuwa ameshashika pembe ya godoro, wanatoka nalo mlangoni, yeye mbele, mkoba unamgonga kiunoni, wanatukanana mpaka kwenye kirikuu, na wauza maji na wasukuma mikokoteni wamesimama kusikiliza. Dereva alicheka mpaka akazima gari.

Niliomba salamu. Sikuwahi kufikiri kuombea matusi.

Kirikuu kilipopinda kona, Dada alinirudia, akaniamkia, "Shikamoo Baba, nimechelewa," akaondoka kuelekea Mchafukoge akiruka madimbwi. Nilirudi ndani. Mke wangu alikuwa kwenye kochi, goti limeinuliwa juu ya mto, macho mlangoni.

"Wamesalimiana?"

"Wametukanana."

"Alhamdulillahi," akasema, akanyoosha miguu yake vizuri, na kuniambia nimletee chai.